Jiko la Nyuma

Tulipopata mtungi wa gesi, jiko la nyuma likafa.
Halikuzikwa. Lilibaki pale, kati ya choo na ukuta wa jirani,
hatua tatu kwa mbili, likipokea marehemu wengine:
feni isiyo na mapanga,
madumu manne ya enzi za mgao wa maji,
godoro lililokojolewa na watoto watatu kwa zamu,
na paka yeyote wa Temeke aliyekaribia kuzaa.

Kaka yangu Pazi alisema, weka friza, uza barafu.
Shemeji akasema, weka mpangaji.
Mimi nikasema nataka mahali pa kusomea.
Sebule nzima ikanyamaza, hata mtoto aliyekuwa akilamba sahani.
“Kusomea nini? Mtihani ulishafanya, miaka ishirini iliyopita.”
“Nilifeli,” nikamjibu. “Sasa nasoma bila msimamizi.”

Nikaanza na masizi.
Mkaa wa mama yangu wa miaka thelathini ulikuwa ukutani,
mweusi, wa mafuta, ukiugusa unakushika.
Nikasugua kwa sabuni ya unga, kwa majivu, kwa hasira.
Nikapiga chokaa; usiku masizi yakarudi.
Nikapiga rangi, mkono wa kwanza, mkono wa pili, wa tatu,
asubuhi yanachungulia, rangi ya chai ya maziwa,
palepale juu ya mafiga.
Duka la rangi wakaanza kunikopesha bila kuulizwa.

Fundi Chitanda alikuja kutoka Keko na futi yake,
akanipima mgongo kama mshona suti.
“Benchi la mtu anayekaa na la mtu anayesoma
si moja. Anayesoma husahau kwamba ana mgongo.”
Akalilaza nyuma kidogo. Chini akaweka droo,
na paka akaelewa vibaya.

Mito nikaijaza sufi,
nikaivika khanga iliyochanika upande wa maneno,
kwa hiyo msemo umebaki nusu: SINA WASIWASI NA
na nini, hakuna ajuaye.
Dirisha ni matofali sita tuliyoyatoa, wavu wa mbu,
na saa moja ya jua kabla ghorofa la mbele halijalichukua.
Vitabu ni vya pembeni mwa barabara, Posta,
vyenye majina ya watu wengine ukurasa wa kwanza.

Sitadanganya kwamba kuna utulivu.
Jirani anachomelea mageti. Umeme ukikatika
nashukuru mashine yake, kisha nalaani taa yangu.
Joto la Januari linageuza kurasa kabla sijazimaliza.
Lakini nikikaa, miguu juu, kisogo kwenye mto,
naitwa mara tatu ndipo nasikia.

Kisha mama akaja kutoka Kisarawe, baada ya Idi.
Akasimama mlangoni, mkono juu ya fremu,
akitafuta mafiga yake kwa macho.
Nikajiandaa kuomba radhi.

“Hata mimi nilikuwa nasoma hapa,” akasema.

Vitumbua vya alfajiri vilitaka moto,
moto ulitaka gazeti,
na yeye hakuwasha karatasi kabla hajaisoma.
Mwizi wa Ilala alikamatwa, sijui kama alifungwa.
Kuna mwalimu alimwandikia barua mchumba wake,
“inaendelea ukurasa wa saba,”
na ukurasa wa saba
ulishaungua jana.

Akaligusa lile doa nililokuwa nalipigania.
Nilikuwa nimenunua kopo jingine la rangi. Bado lipo, halijafunguliwa.

Akakaa. Benchi likampokea, ingawa halikupimwa kwake.
Akachomoa kitabu cha katikati,
akakipima mkononi kama anayenunua papai.
“Hiki kina mwisho?”
“Kinao, mama. Yule binti mwishowe ana…”
“Usiniambie.”

Akalamba kidole, akafungua.
Ndani, kwenye gesi, uji wangu ukaungua.